Kidole Gumba

Nikifungua mlango wa chumba cha baridi, Kurasini,
ukungu mweupe unanilamba uso
na mara nipo tena kwenye barabara ile,
kaskazini, kaskazini hadi ramani inapoishiwa maneno,
koti la kuazima, begi moja,
kidole gumba nimekinyooshea hewa tupu.

Nilikwenda kusomea majokofu, miezi tisa.
Likizo ilipofika wenzangu wakaenda kwao.
Kwetu mimi ilikuwa nauli ya miaka miwili.
Nikasema basi, nikaione hiyo ncha.

Saa ya kwanza lilipita gari moja.
Saa ya pili halikupita.
Saa ya tatu walipita kulungu kumi na mmoja, hawana haraka,
wa mwisho akanitazama kama karani wa bandari
anavyomtazama mtu asiye na stakabadhi.
Misonobari mifupi. Ziwa. Misonobari.
Ziwa jingine, au lile lile. Wa kumuuliza hayupo.
Nimekulia Buguruni, nyumba ya vyumba sita na familia sita;
sikuwa nimewahi kusikia damu yangu ikipita masikioni.

Ndipo likaja pikapu la kijani, limebeba nguzo za uzio.
Aslak, alisema mzee, akijigusa kifua.
Shomari, nikasema.
Mazungumzo yakaishia hapo.

Kilomita mia mbili na kumi.
Mimi mtoto wa Kizaramo, niliyefunzwa
kwamba kukaa kimya na mtu ni kumnunia,
nikalitafuta kosa langu kila kona. Sikulipata.
Baadaye sana nikaelewa: alikuwa amenikaribisha kimya chake
kama sisi tunavyomwambia mgeni, pita, keti, mkeka huu hapa.

Na jua likaning'inia pale pale,
saa nne usiku, saa tano, saa sita, halitui.
Magharibi iko wapi? Isha je?
Saa ya mkononi sikuwa nimeibadilisha, ilikuwa bado ya Dar,
basi nikaifuata adhana ya Buguruni isiyosikika.
Nikamwonyesha kwa mikono: simama kidogo.
Akasimama. Akazima injini. Akavua kofia bila kuulizwa,
akaishika mapajani mpaka nilipotoa salamu ya kushoto.
Kibla nilikisia tu. Mungu anaijua jiografia.

Njia panda nikatoa noti.
Akazitazama kama mtu anayeonyeshwa picha
ya ndugu asiyemkumbuka.
Akaondoka.

Nimewahi kujaribu huku, msinicheke,
barabara ya Mandela, saa nane usiku, mvua.
Nikanyoosha gumba.
Madereva wote wakaninyooshea lao: poa, kaka! safi!
wakapita.
Nami sina gari, sijawahi kuwa nalo.
Mwaka wa kumi na tisa huu nadaiwa kilomita mia mbili na kumi.

Jumanne umeme ulikatika, Keko, Temeke, Kurasini yote.
Jenereta letu likakohoa, likashika.
Saa saba usiku Nzowa wa getini akaja:
kuna mama, simjui, anasema ana dawa.
Chupa mbili za insulini, kitambaa kilicholowa maji,
na maneno mengi: yeye ni nani, mtaa gani,
mtoto wake yuko darasa la ngapi, anamjua fulani ofisini,
kama tunavyojieleza sote tunapoomba.
Nikazipokea. Si kwenye barafu, zingekufa;
rafu ya chini, nyuzi nne, karibu na mlango.
Nikampa kiti cha plastiki.
Akaanza tena kujieleza, kisha akaacha.
Tukakaa.
Jenereta liliongea peke yake hadi alfajiri.

Umeme uliporudi akafungua pindo la khanga
akatoa noti mbili, moja imechanika,
nami nikazitazama,
sijui kwa uso gani.