Alama za Kufunga

Tukuyu mvua haipigi hodi.
Nimeketi sebuleni, blanketi magotini,
naandika kamusi ya Kinyakyusa kwa alama zangu:
kishale cha kufungua, neno, kishale cha kufunga.
*Ifula*: kidahizo. Mvua: maana.
Kisha mfano, nao una mlango wake,
na mlango niliofungua lazima niufunge mwenyewe.

Ukurasa wa arobaini nilisahau mmoja.
Maneno yote yakainama upande mpaka herufi ya mwisho
kama mahindi baada ya upepo.
Siku tatu nikautafuta. Siku tatu, nyie!

Gwakisa akaja kutoka Mbeya na programu yake,
vitufe vina picha, hata mtoto angejua.
"Shangazi, unajitesa. Bonyeza hapa, kinakuwa kichwa."
Kweli kikanenepa, kikakolea wino.
Nikamwuliza: hiki sasa kinajua kuwa ni kichwa,
au kimevaa koti la baba tu?
Akakuna kisogo.

Hata hivyo sikumrudishia.
Macho yangu si yale, na kitufe hakisahau mlango.
Usiku nikaandika humo, mbiombio, bila kishale,
nikaona haya kidogo,
kama mwenye migomba anayenunua ndizi sokoni.

Ila chini ya kila neno la mama yangu
ikachora mstari mwekundu.
*Ifula*, mwekundu. *Ndaga*, mwekundu.
Nikabonyeza kuuliza kosa ni lipi.
Ikajibu kwa adabu:
niliongeze neno hili kwenye kamusi?

Jamani.
Na mimi nafanya nini hapa tangu masika ya juzi?