Glavu ya Kushoto

Siku ya soko, Luanda, mvua ikitishia kunya
na isinye, Ayuma alifungua robota la mitumba
akatoa, kati ya makoti ya baridi za watu wengine,
mkono.
Mkono wa ngozi, vidole vimevimba kama vya aliyeumwa na nyuki,
kiganja cheusi kwa jasho la mtu tusiyemjua.
Akaniletea mimi, fundi viatu:
"Kamba imekatika hapa. Shona kwanza,
baadaye nitajua ninauza nini."

Nilikuwa na mpira wa shule magotini, umepasuka tumbo,
na watoto wawili wamechuchumaa wakiulinda kama mgonjwa.
Kwenye benchi langu, kama kila siku,
Opere wa Gor na Andayi wa Ingwe,
ambao ubishi wao ulikuwa umefika mwaka wa tisini na nane.

"Hii ni ya besiboli," alisema Opere.
"Shemeji yangu yuko huko, hunieleza.
Mtu analipwa mamilioni kurusha kijipira,
mwingine anakingoja na rungu."
"Na wa rungu akikosa?"
"Anapewa mara tatu."
Andayi alicheka hadi akashika mpini wa mwavuli wangu.
"Mara tatu! Hapa ukikosa penalti moja
unahama kata."

Basi Opere, kwa kuwa Andayi amecheka,
akawa shabiki wa besiboli papo hapo,
damu na nyama,
wa timu asiyoijua jina.
Mpira wa miguu, alisema, ni dakika tisini za kukimbizana
na mwisho sufuri kwa sufuri, nauli imekwenda.
Kule hakuna sare. Wanacheza hata usiku wa manane
mpaka mmoja ashindwe.
"Hawana kazi?"
"Ndiyo kazi yenyewe."
"Na refa wao, naye hula?"
"Refa ni refa."
Hapo tu walikubaliana.

Mimi nilipitisha sindano.
Ngozi haina timu. Hii ilikuwa ya ng'ombe aliyeshiba,
na ndani, kwa kalamu iliyofifia, herufi mbili na namba tano.
Ya kushoto, nilimwambia Opere,
naye akaivaa,
nikamwona Andayi akinyamaza kidogo,
maana alijua, kama stendi nzima inavyojua,
mikono ile ilikuwa ya kipa.
Timu ya Soko la Samaki, fainali ya tarafa,
shuti la mbali, la kitoto, mpira unatambaa
ukapita katikati ya miguu yake
kama kuku anayekwenda zake kulala.
Miaka kumi na tisa Andayi hajamruhusu kusahau.

Ayuma aliokota limau kwenye sinia la jirani.
Huyu, shuleni, alicheza raunda hadi mkoa.
"Rudi nyuma," akamwambia. "Zaidi. Vuka mtaro."
Hakulirusha kama mtu anayetania.
Limau lilipita juu ya nyanya, juu ya bodaboda mbili,
juu ya neno ambalo Andayi alikuwa ameshalianza,
na glavu ikasema pah.

Soko halikunyamaza; soko halinyamazi.
Lakini Opere alifungua kiganja polepole,
akachungulia ndani kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.
Limau lilikuwa zima.
"Hiyo haihesabiki," alisema Andayi, sauti imelegea.
"Hesabu."
"Limau si mpira."
"Hesabu, Andayi."

Ayuma alitaka mia tano. Opere alikuwa na mia na themanini.
Andayi, akitazama kando kana kwamba anatafuta bodaboda,
akaongeza mia mbili, "mkopo,
mpaka siku Gor watakapofungwa."
Zilizobaki sijui walimalizana vipi. Najua tu
ile kamba sijalipwa hadi leo.

Wale watoto wakaniuliza
mpira wao utakuwa tayari saa ngapi.