Bomba la Inchi Moja na Nusu

Fundi wa Majengo alilipima bomba kwa jicho moja,
akauliza, mama, ni la maji au la bendera?
Nikasema la pazia.
Pazia la kusimama wima, toka sakafuni hadi darini?
Nikamlipa asizidishe maswali.

Sasa limesimama sebuleni, ghorofa ya tatu, Tudor,
kati ya kabati la vyombo na feni mbovu.
Wageni wakija nalivisha kanga mbili na kofia ya Mahfudh,
lageuka kitundikio.
Shangazi yake alitundika mkoba hapo Idi nzima,
akalisifu: kitu cha maana hiki, mwanangu.

Mwalimu wangu yumo ndani ya simu.
Asema, kaza paja, achia mkono.
Kwao kuna baridi, haijui Mombasa ya Februari:
chuma chatoka jasho kabla yangu,
viganja vyateleza kama vimeshika mkunga.
Nilijaribu unga wa sima. Nikawa uji.
Sasa ni alfajiri tu, sala imepita, jua bado,
na kitambaa kilicholowa spiriti ya hospitali.

Siku nisizokuwa na nguvu za kupanda, nafunga mkanda
nilioushona mwenyewe: shela ya arusi,
vifungo vya kanzu, funguo sita za milango nisiyoikumbuka,
na nyonga yangu, miaka arubaini na minne, watoto watatu,
yaandika nane.
Nane ya kwanza yapepesuka. Ya pili yatoka tano.
Tumbo nalo lina rai yake,
lafika mimi nimeshasimama.
Nacheka peke yangu, funguo zaitikia.

Mahfudh ajua.
Akirudi na trela kutoka Malaba
huchukua spana kabla ya kuvua viatu,
akakaza nati za juu, akalitikisa bomba kwa mwili wake wote:
lisije likakuangukia.
Hanitazami nikicheza. Naona haya, naye ajua,
huenda jikoni akaosha glasi zilizo safi.

Jumanne, duka la dawa la Makupa,
spiriti, chupa ya nne mwezi huu.
Niliponyoosha mkono, buibui likarudi nyuma,
Kadzo akaona: pete ya buluu juu ya kiwiko,
na nyingine ya manjano, inaondoka.
Akashusha sauti. Dada, ni nani?

Ni bomba, nikasema,
nikalisikia neno likisimama juu ya kaunta
pamoja na ndugu zake wote:
ni mlango, ni bafu lina utelezi, ni ngazi.
Mwanakombo wa ghorofa ya pili asema ngazi, mwaka wa pili huu.
Nilimpa pole, na marhamu, nikapanda kupika.

Ni bomba kweli, la chuma, nachezea.
Kadzo akatikisa kichwa polepole
kama atikisavyo mtu aliyekwisha kuyasikia haya.
Mfukoni, chini ya risiti, nambari ya simu kwa wino mwekundu.

Niliibandika kwenye friji.

Leo alfajiri goti likashika, mkono ukaachia,
nikaning'inia kichwa chini, mara ya kwanza.
Mkanda nilisahau kuuvua, funguo zikanigonga kidevuni.
Feni ikaota sakafuni. Kwenye friji, kila sita ikawa tisa.
Nikaanguka.

Kishindo.
Huko chini wao husikia vyangu alfajiri,
mimi husikia vyao usiku,
na hakuna aliyewahi kupanda wala kushuka kuuliza.

Halafu mpini wa ufagio, kutoka chini, ukagonga.
Mara moja.
Sijui ni lalama au ni swali.
Nikavaa buibui juu ya jasho,
nikabandua karatasi,
nikashuka ngazi, mkanda bado kiunoni,
kila kidato kikiziliza funguo.