Tundu Moja Limebaki

Mwezi wa kumi, Lubumbashi inapoiva kama tofali,
usukani wangu uliota ugonjwa wa ngozi.
Mpira wake ukabambuka, ukawa lami mikononi.
Nikifika kwa wateja natoa trei ya mayai
na kila yai lina alama ya dole langu, nyeusi,
kama mpiga kura aliyepiga mara thelathini.

Siku mkono ulipoteleza, pale reli inapokata njia,
trei sita zilikufa.
Nilifuta ute kwa kitenge, nikasema: basi.

Nilipima kwa uzi. Niliuzungusha usukani wote,
nikafunga fundo palipokutana,
nikauficha kifuani pamoja na pesa,
nikaenda soko la Kenya.

Kyungu, kijana wa duka, akanimwagia rangi:
chekundu kinachong'aa kama mdomo wa bi harusi,
cheusi chenye vitobo, cha kijivu.
"Hiki, mama, kinakaa motokari yoyote."
Nguo ya kila mtu, nikamwambia, si nguo ya mtu.
Nikatoa uzi wangu.
Kilizidi vidole viwili. Kwenye kona
kitazunguka chenyewe, kama bangili ya marehemu.
Cha kahawia kilipungua nusu ya kucha.
Hicho ndicho. Ngozi hunyooka,
plastiki huahidi tu.

"Lakini ni ngozi?"
Akanipa kiberiti mwenyewe.
Tulichoma kipande cha ukingoni:
kikanuka kichwa cha mbuzi juu ya makaa.
Hakunipunguzia hata faranga.

Nyumbani, Katuba, nilikilaza juu ya boneti
mpaka jua likakilegeza.
Nikakivisha kuanzia juu, nikivuta
kama soksi ya mtoto asiyetaka shule.
Shemeji yangu Numbi akapita na sahani yake:
"Sasa motokari nayo inavaa?"
Sikumjibu. Nilikuwa na sindano mdomoni.

Sindano mbili, uzi mmoja wenye nta.
Tundu la kulia, tundu la kushoto, usikaze bado.
Ukikaza mapema upande mmoja unamla mwenzake
na ngozi inakunja uso.
Penye vijiti uzi hupita chini kimya,
kisha huibuka ng'ambo. Hapo nilijidunga.
Damu kidogo. Ngozi ikainywa,
haikuacha hata doa.

Kabla sijapafunika, juu kushoto, nilikuta bonde:
mtu wa Japani alishika hapo miaka mingi,
mkono mmoja tu.
Ule mwingine sijui alikuwa akiufanyia nini.
Nikamshonea ndani.

Saa moja umeme ulikatika mtaa mzima.
Kalenga, mtoto wa jirani, akanishikia tochi ya simu,
akasinzia, na mwanga ukasinzia naye
sakafuni, kati ya pedali.
Theluthi ya mwisho niliishona kwa vidole.

Kufika chini: upande mmoja matundu yameisha,
upande wa pili limebaki moja.
Moja. Nilihesabu upya kama chenji.
Nifumue mpaka kijiti cha pili?
Mayai yanaondoka saa kumi na moja.
Nikakaza, nikafunga fundo,
nikalifukia kwa ncha ya kisu.

Asubuhi usukani ulikuwa mnene,
kama mkono wa mgeni ndani ya mkono wangu.
Kule relini nilikata kona taratibu.
Trei zilinong'ona tu.

Jumapili Numbi aliazima gari, akaenda Kipushi.
Aliporudi alizima injini, hakushuka.
Nilimwona kutoka dirishani,
dole gumba lake likitembea juu ya mishono,
mshono baada ya mshono, duara zima,
hadi chini kabisa,
likasimama.