Siku Gani

Jumanne jioni, Katuba, umeme umekatika tena,
nafundisha historia ya Kanisa kwa mshumaa:
karne ya kwanza upande huu wa ubao, ya pili upande ule,
na katikati mstari wa chaki, mnyoofu, niliouchora mwenyewe.
Hapa, nasema, mitume waliisha.
Hapa karama zilifungwa kama duka la marehemu.

Kisimba, muuza makala, mwenye vidole vyeusi,
akanyanyua mkono.
"Mwalimu, siku ile mtume wa mwisho alipofumba macho,
tuseme kiwete alikuwa njiani, amebebwa na shemeji zake,
wamebakiza kilima kimoja.
Je, waligeuka?
Au walifika, wakakuta matanga,
na mmoja wa wale waliokuwa wakilia
akafuta kamasi, akamwekea mkono?"

Darasa likacheka. Mimi nikatazama ubao.

Majibu ninayo. Nililipiwa karo ili niwe nayo.
Msingi humwagwa mara moja; nani humwaga msingi juu ya paa?
Waliomwona Mfufuka walihesabika,
na macho hayarithiwi kama shamba.
Waliofuata waliachiwa barua, si muhuri;
wenyewe waliungama: sisi hatuamuru kama wale.

Yapo pia nisiyoyaweka kwenye mtihani:
kwamba miaka mia baadaye bado kuna mzee aliyeandika,
bila kupaza sauti, kama mtu anayetaja bei ya chumvi,
kwamba kwao wagonjwa walikuwa wakipona;
kwamba wanawake wa Frigia walitabiri hadi maaskofu wakachoka;
kwamba kabla ya hao wote kiliwekwa kipimo:
nabii akiomba pesa, mwonyesheni njia.

Kipimo hicho nilikikumbuka mchana, chini ya bango
la Mtume Floribert, suti ya zambarau,
na namba ya simu ya kutumia sadaka.
Nikajiambia: hakuna aghushiye noti za nchi isiyokuwepo.
Lakini noti za Zaïre bado zimo sandukuni mwa mama,
halali kabisa, si za bandia,
na hazinunui hata kiberiti.

Baba alikuwa mtu wa tanuru, pale penye bomba refu.
Nilimwuliza zamani: lilizimwa siku gani?
"Siku?" akasema. "Tanuru halina siku.
Unaacha kulilisha, na wiki nzima bado linakuunguza nyusi."
Na ule mlima mweusi wa taka zake,
uliotupwa huko miaka na miaka,
walikuja watu kuuchimbua: kumbe mna kobalti.
Sijui kama huo ni mfano au ni mlima tu.

Nafika nyumbani. Mwanangu Ngoie anaungua homa.
Mama amekaa kitandani, kiganja juu ya kipaji cha mtoto,
anasema maneno yasiyo Kiluba, yasiyo Kiswahili,
wala si Kifaransa changu cha shule.

Saa tisa usiku homa ikashuka,
mtoto akaomba bukari, hata iliyopoa.
Saa nane nilikuwa nimempa kidonge.
Sikumwambia mama.
Naye, akiinuka, aliona ganda la kidonge sakafuni,
akaliokota,
akalifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na pesa za sokoni,
hakuniuliza kitu.