Sekunde Moja, Łódź

Kiwanda cha nguo cha zamani, ghorofa ya tatu.
Mabomba ya joto yanakohoa, madirisha yameota barafu kwa ndani.
Tuko tisa. Wanane hawajatimiza miaka ishirini na tano.
Mimi nimestaafu Machi, baada ya miaka thelathini na mmoja
ya kuendesha tramu ya kwenda Chojny.

Radosław, mwalimu, mwenye soksi zisizofanana,
ametupa kazi ya mtoto mdogo:
chora duara. Lidondoke. Lidunde.
Karatasi ishirini na nne, sekunde moja.

Nikapima kwa rula, sentimita mbili, sentimita mbili,
sawa kwa sawa, kila duara na nafasi yake.
Akazipeperusha kwa kidole gumba, akacheka bila ubaya:
"Bi Bogna, huu si mpira. Ni lifti."

Jumanne nzima nilichora lifti.
Jumatano nikachora yai lenye woga.
Alhamisi, ndani ya tramu
(abiria sasa, kiti cha tatu, mkoba mapajani),
kijana aliyerithi usukani wangu akafunga breki
kwa kuchelewa, kisha kwa pupa, watu wakaangukiana,
na mguu wangu wa kulia ukakanyaga sakafu wenyewe.

Hapo nikaelewa.
Kituo hakifikiwi kwa hatua sawa.
Unakibembeleza: mita kumi, tano, mbili, nusu,
shubiri, ncha ya kucha.
Na kuondoka ni vivyo hivyo, kinyumenyume.

Kumbe kule juu michoro hubanana,
duara juu ya duara, kama abiria mlangoni;
mpira unasitasita, unautazama mji.
Aliye juu mngoje chini. Nikaungoja.
Nafasi zikatanuka, zikatanuka,
mpira ukarefuka kwa haraka yake mwenyewe,
na karatasi ya tisa ukagusa ardhi.

"Sasa ubonyeze," akasema Radosław,
"uwe bapa, kama mkate uliokaliwa."
Penseli ikagoma.

Sikumwambia. Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa Mei,
mpira mwekundu ulitoka uchochoroni,
mdundo, mdundo, mdundo mdogo, ukaingia relini,
na nyuma yake kaptula ya kijani, magoti mawili.
Nilivuta breki zote, nikamwaga mchanga wote.
Chuma kililia mpaka kona ya pili.
Mtoto alibaki ukingoni, mzima, kinywa wazi.
Mpira ndio uliopita chini.
Haukulia sana. Ulisema "po",
kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Ujazo haupotei," akasema kijana wa soksi,
akidhani nimekwama kwenye umbo.
"Ukiufupisha, upanue. Kilichomo ni kilekile.
Haujapasuka, Bi Bogna. Umejikusanya tu."

Nikauchora bapa. Karatasi moja,
jicho halihitaji zaidi, na mimi pia.
Ya kumi na moja, ukaondoka.

Tukaziweka chini ya kamera.
Sekunde moja. Tena. Tena.
Mdundo wa pili bado mzito, nimeuvuta kupita kiasi,
na kuna karatasi niliyoisahau, ya kumi na saba,
pale mpira unatoweka na kurudi
kama mtu aliyepepesa.
Wale wanane wakapiga makofi kidogo,
wakarudi kwenye mipira yao.

Nje theluji inaanguka sawa kwa sawa,
sentimita mbili, sentimita mbili,
haina uzito wa kujifunza chochote.
Nimeikosa tramu ya saa tatu na dakika kumi.
Nimeitazama ikiondoka: ncha ya kucha, shubiri, nusu mita.
Vizuri, kijana. Vizuri.

Kesho ni gunia la unga.
Eti nalo lina mabega.