Kuanzia Kulia

Raba niliinunua duka la vifaa vya shule, Mabela,
ya waridi, pana kama kiganja, baisa mia tatu,
na mwenye duka akaniuliza mwanangu yuko darasa la ngapi.
La kwanza, nikamwambia.
Sikumwambia mwanafunzi ni mimi, na miaka yangu hamsini na sita.

Bi Ghaniya si msemaji.
Huushika mkono wako uliokamata kijisu
akausukuma polepole, kama anayemlisha mtoto aliyeshiba:
mbele, usivute; geuza raba, usigeuze mkono.
Unachokichimba kitabaki cheupe.
Unachokiacha ndicho kitakachosema.

Korosho yangu ya kwanza ilitoka kamba, na masharubu yake.
Ya pili ikatoka figo.
Ya tatu nikajikata kidole cha shahada,
tone likaitangulia rangi juu ya bafta:
hiyo ndiyo chapa yangu ya mwanzo iliyokoza.

Mwezi wa saba, gharbi ikivuma,
rangi hukauka juu ya raba kabla haijafika nguoni.
Nikawa nachapa usiku, kiyoyozi kikikoroma,
sponji ya kuoshea vyombo nimeikata vipande vinne.

Nguo ilikuwa ya Thureya, ndugu yangu, aliyeko Ibra.
Miaka minne hatusemezani
kwa ajili ya sanduku la mama:
la bati, kufuli la shaba, ndani doti kumi na tisa za kanga
alizotoka nazo Unguja na hakuzivaa,
lililobaki mvunguni mwangu
kwa kuwa mama alifia kwangu.
Yeye alisema nimelinyakua.
Mimi nilisema maneno yasiyoandikwa hata kwenye kanga.

Basi nikachonga neno moja, AMANI.
Herufi tano, wima, safi, kama zinavyoandikwa.
Nikachapa pindo zote nne hadi adhana ya alfajiri,
nikaanika, nikapiga pasi rangi ishike, nikasoma:
AMANI, AMANI, AMANI.
Macho yangu, baada ya miaka arubaini ya Maskati,
yalianzia kulia.

Bi Ghaniya akavaa miwani
akaanzia kushoto.
INAMA, akasoma. INAMA. INAMA.
Na N imegeukia ukutani kama aliyenuna.
"Unampelekea nguo, au amri?"

Raba ni kioo, neno huchongwa kinyume ili litoke sawa:
ndilo la kwanza kabisa alilonifunza,
nami nilitikisa kichwa kama nimelisikia.

Mita tatu za bafta. Si mali, ningenunua nyingine.
Nilirudi nyumbani nikaketi ukingoni mwa kitanda
na ile nguo mapajani, neno limenielekea.
Tangu matanga sijaligusa lile sanduku.
Magoti hayataki, ndivyo nilivyosema kila mwaka,
mwaka wa pili mpaka nikayapaka dawa
ili uongo upate shahidi.

Nikainama.
Vumbi, kandambili moja ya mama, dawa ya nondo.
Kufuli halikuwa limefungwa. Miaka yote minne
halikuwa limefungwa.
Nikahesabu doti tisa zangu, kumi zake,
na ile bafta nikaikunja juu ya zake,
na kosa lake lote, sikufuta kitu.
Dereva wa Ibra akataka riali mbili. Nikampa tatu.

Ijumaa baada ya sala simu ikalia.
Hakusalimu.
"Nani ainame?"
Nikasema, nimeshainama, Thureya,
wiki tatu juu ya meza, na siku moja mvunguni,
shingo mpaka leo yaniuma.
Kimya. Nyuma yake mashine ya kufulia ikizunguka.
Kisha akasema, "Hii N yako imekaa vibaya."
Najua, nikasema.
Mashine ikasimama, ikageuza, ikaanza upande wa pili.
"Raba zenyewe," akasema, "huuzwa wapi?"